Hendeli

Baba alirudi Jumanne, siku ya foleni,
magunia ya muhogo mkavu yamejipanga hadi njiani.
Mbwa akambwekea kama anavyombwekea mtoza ushuru.
Hakulia, hakumfia miguuni. Huyu si mbwa wa zamani.
Yule wa zamani tulimzika mwaka wa tatu
nyuma ya choo, bila shairi.

Mwalimu Drapari alitusomea habari za Wayunani wa kale:
mtu miaka kumi vitani, kumi baharini,
na kila wimbi likilijua jina lake.
Nikauliza: na unga, Mwalimu,
nani alisaga kule kisiwani miaka ishirini?
Darasa likacheka.
Mwalimu akatazama dirishani, akasema kitabu hakikueleza sana.

Baba hakwenda vitani. Alikwenda kulinda lango
la vita vya wenyewe, Baghdadi,
kwa bunduki ya kuazima
na mshahara uliopungua kila kampuni ilipobadili jina.
Miaka tisa. Simu mbili kwa mwezi, kisha moja,
kisha picha tu: yeye na gari lisilo lake, amekunja uso.
Kisha kimya cha miaka miwili
ambacho hadi leo, akisimulia, anakiruka
kama mtu aliyeona nyoka njiani.

Ndani ya kimya hicho walikuja baba wadogo.
Wakakaa, wakala kuku wetu,
wakasema boma halikai bila mume.
Mama akawajibu: Ngojeni nimalize deni la dizeli.
Kila mwezi akalipa. Kila mwezi akakopa madebe mawili tena.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja,
nikaliona deni linavyonenepa, nikadhani tunaangamia.
Kumbe lile deni ndilo lilikuwa ua wetu.

Baba ana sehemu anayoipenda:
basi la usiku, daraja la Pakwach kunakucha,
Nile imetulia chini kama ng'ombe anayecheua,
na baadaye, kushoto au kulia, hubadilisha,
Mlima Wati ukachomoza, naye akavua kofia.
Anaisimulia vizuri. Wageni huacha kutafuna.

Lakini siku yenyewe hakumsalimu mtu.
Aliipita foleni, akalipita jina lake likinong'onwa,
akaenda moja kwa moja nyuma ya ghala,
akapiga magoti, akachimba kwa kucha.
Usiku wa kuondoka aliizika pale hendeli ya mashine,
nduguze wasije wakaiuza.
Hakumwambia mtu. Hata Mama.
Miaka tisa, zamu baada ya zamu, aliihesabu njia:
hatua nne kutoka kwenye jiwe, kiganja kimoja upande wa jua.
Akainuka na kitu chekundu, chembamba,
kinachomeguka kama gome.

Mama alilitazama lile kovu la kidevu. Mara moja. Likamtosha.
Kisha akaitungua yake ukutani:
springi ya lori, aliyoifua mhunzi wa Ediofe
mwaka ule ule wa kwanza
kwa bei ya mbuzi mmoja na maneno ya majirani.
"Umechukua muda," akasema,
sijui kwa Baba, sijui kwa mashine.
Akaichomeka. Akazungusha kwa lile bega,
mara moja, mara mbili,
mashine ikakohoa, ikashika,
na vumbi jeupe likatushukia sote, waliomngoja na wasiomngoja.

Shangazi Ondoru akapiga kigelegele,
akakikata katikati. Hakujua anampigia nani.

Baba alisimama na kutu yake mkononi.
Mama, bila kugeuka:
"Wewe. Shika mdomo wa gunia."
Akaiweka kutu chini taratibu,
akajifuta kiganja kwenye suruali ya safari,
akashika.